Lenzi Iliyopindisha Timazi

Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na mimi nilikuwa napiga picha za eksirei katika hospitali ya misheni, huku Karatu. Yeye alitazama kuta mchana kutwa, mimi nilitazama mifupa. Tukikutana jioni tulikuwa na mengi ya kusimuliana: yeye jiwe lililokataa kukaa, mimi mkono wa mzee aliyeanguka kutoka juu ya gari la ngano. Tulikuwa na mapacha wa kike, lakini wakati ninaousimulia walikuwa wanasoma kwa mama yangu upande wa Mbulu, na nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa kimya kuliko tulivyozoea. Watu walituita Baba Mapacha na Mama Mapacha, nasi tukaitana hivyo hivyo.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari ilipatikana kwa foleni na petroli kwa bahati.

Kamera niliachiwa na daktari mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake. Aliniachia na mashine ya kukuzia picha, nadhani kwa sababu haikuingia kwenye sanduku lake. Chumba cha giza nilikuwa nacho tayari kazini. Sista aliyesimamia idara yetu aliniruhusu kutumia dawa za kusafishia filamu zilizokuwa zimechoka, zile ambazo tungezimwaga tu. Picha zilizotoka humo zilikuwa na weusi mzito na weupe mkali, kama eksirei za watu wazima wenye afya, na mimi nikazipenda hivyo. Nilipiga harusi, ubatizo, na ng'ombe wa watu waliotaka kumbukumbu ya ng'ombe.

Mwaka ule mume wangu alikuwa amemaliza kanisa la mawe kwenye mteremko, njia ya kwenda Oldeani. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Lilikuwa na mnara, na mnara huo aliujenga kwa mikono yake mwenyewe kuanzia chini hadi juu, akikataa kumwachia mtu mwingine mwiko hata siku aliyokuwa na homa. Baada ya miezi miwili ikaja barua kutoka Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi. Kamati ya ujenzi ya kanisa la huko ilikuwa inatafuta fundi. Walikuwa na majina mawili mezani, la mume wangu na la fundi mwingine wa Mbulu. Wangependa kuja kuona kazi yake kwa macho, waliandika, lakini gari lao halikuwa na mafuta. Je, angeweza kuwapelekea picha ya kanisa zima, nje na ndani?

"Hiyo ni kazi ndogo," nilimwambia. "Jumapili baada ya ibada nitapiga."

Nilipiga. Jumatatu jioni nilimletea picha tano zikiwa bado na unyevu. Alizipanga mezani, akavuta kiti, akaziangalia moja moja.

"Mnara uko wapi?"

"Ule pale."

"Huu ni nusu mnara. Juu umekata. Na hapa umepata mnara, lakini mlango haumo. Mama Mapacha, mtu akiona hii si atadhani kanisa langu halina mlango?"

Alikuwa na haki. Mbele ya kanisa kulikuwa na kiwanja chenye upana wa hatua ishirini na kitu, kisha korongo. Nilikuwa nimerudi nyuma na kamera jichoni hadi kisigino changu kikagusa ukingo, nikavutwa kitenge na mama mmoja wa kwaya aliyeniona naelekea kutumbukia. Kwa lenzi niliyokuwa nayo, ile ya kawaida inayokuja na kamera, kanisa halikuingia. Ndani ilikuwa vibaya zaidi. Hata nilipobana mgongo ukutani niliona mabenchi sita na nusu ya madhabahu.

"Ninahitaji lenzi pana," nilisema. "Pana sana. Daktari alikuwa nayo moja lakini aliondoka nayo."

Sitasema uongo, nilipotamka neno "pana" sikuwa nafikiria kanisa. Nilikuwa nafikiria kreta. Mara moja kila mwezi nilipanda na gari la kliniki ya akina mama na watoto kwenda upande wa Ngorongoro, na kila tulipofika pale juu ukingoni dereva alisimama dakika chache ili injini ipoe. Mimi nilishuka na kamera. Kila mara nilitaka kuliingiza lile bonde lote kwenye picha moja, ziwa lake, msitu wake, na ukuta wa mbali unaolizunguka, na kila mara nilirudi na kipande. Nilikuwa na vipande kumi na kitu kwenye bahasha. Niliwahi kuviunganisha mezani kwa gundi ya unga wa ngano, vikakunjamana.

Kwa hiyo tuliuza ndama dume, tukapanda basi la alfajiri kwenda Arusha. Barabara ilikuwa ya vumbi hadi Makuyuni na mashimo yake tuliyajua karibu kwa majina. Tulifika nywele zetu zikiwa nyekundu.

Duka la vifaa vya picha lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa mji ule ule, aliyevaa sweta mbili hata kwenye joto. Mimi nilikuwa nanunua kwake karatasi za picha kila zilipopatikana, na alinifahamu. Alitukaribisha vitini, akaagiza chai ya rangi, akaingia nyuma. Alirudi na vitambaa viwili vya flana, akavifungua juu ya meza ya kioo.

"Mama, mpya hakuna," alisema. "Wewe unajua mambo ya kuagiza nje siku hizi. Hizi mbili waliuza wazungu wakiondoka. Hii ni ya milimita ishirini, ya kampuni ile ile ya kamera yako. Nzito, lakini safi. Na hii ni ya milimita kumi na saba, ya kampuni nyingine. Hii inaona kama punda, huku na huku. Angalia miguu yako usiipige."

Niliifunga ile ya kumi na saba kwanza. Nilipoweka jicho, nilicheka kwa sauti. Duka lote lilikuwa ndani. Rafu za kushoto, rafu za kulia, dari, feni, mzee, kikombe chake, mume wangu na kofia yake mkononi. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa shela usoni.

"Hii," nilisema. "Hii hapa. Baba Mapacha, njoo uone."

Alikuja, akatazama. Kisha akageuka na kamera kuelekea mlangoni, ambako kulikuwa na mwimo wa mbao na ng'ambo ya barabara jengo la ghorofa moja. Alisogeza kamera kushoto, akasogeza kulia.

"Huu mwimo umepinda," alisema.

"Haujapinda," alisema mwenye duka. "Mlango huu baba yangu aliweka. Umenyooka."

Mume wangu alinirudishia kamera, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa timazi yake. Hiyo timazi ilikaa mfukoni siku zote, hata kanisani, hata msibani: kipande cha shaba chenye ncha, na uzi uliozungushwa kwenye kijiti. Alienda mlangoni, akainua mkono, akaachia shaba ikaning'inia mpaka ikatulia.

"Tazama uzi sasa," aliniambia. "Uweke pembeni kabisa mwa kioo."

Nilitazama. Uzi ulikuwa umepinda, umetoka nje kidogo katikati kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Niliondoa jicho, uzi ukawa umenyooka. Nikarudisha jicho, ukapinda tena. Nilimwambia.

"Timazi imepinda?" aliuliza. "Tangu nishike mwiko sijaona timazi iliyopinda."

Mwenye duka alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Miaka arobaini nauza lenzi," alisema, "hakuna mteja aliyekuja na kipimo hiki. Kweli, Mama, hiyo ya kumi na saba inapindisha kingo. Wanaopiga watu na miti hawajali. Jaribu na ile nyingine."

Niliifunga ya ishirini. Uzi ulinyooka hadi pembeni kabisa. Lakini rafu za kulia zilikuwa zimetoka nje ya picha, na feni haikuwepo, na nilihisi nimerudishiwa ile shela.

Hapo tulianza kubishana, kwa sauti ya chini na kwa Kiiraqw, ili mzee asisikie. Yeye alisema tumekuja kwa sababu ya kanisa, na kanisa lina kuta. Mimi nilisema kupinda kwenyewe ni kudogo mno, nani ataona, na kreta haina ukuta ulionyooka hata mmoja. Alisema, "Kumbe tumekuja kununua lenzi ya kreta?" Nikachukua kikombe changu cha chai. Mwenye duka hakujua maneno yetu lakini alijua sura za watu waliooana. Alituacha tunywe chai hadi mwisho, kisha akasema, "Chukueni zote mbili. Nilipeni ile ya ghali. Jumamosi ijayo mnirudishie moja mnayoikataa, nami narudisha chenji kama inahitajika. Mke wangu alilazwa hospitali yenu mwezi mzima, mlimtunza. Nitawaogopa nini?"

Tulirudi Karatu nikiwa nimekumbatia mfuko kama mtoto mchanga.

Jumapili nilianza na ya kumi na saba. Kanisa liliingia lote kwa kubofya mara moja, mnara, mlango, msalaba, anga, na miti miwili ya maua iliyokuwa pembeni ambayo sikuitaka. Nilifunga ya ishirini, nikainua pua ya kamera juu kidogo ili nipate msalaba, nikapiga tena. Jumatatu baada ya kazi nilisafisha na kuchapa, na mume wangu alikuja mwenyewe hospitalini kuzisubiri, akakaa kwenye benchi la wagonjwa nje ya mlango wangu.

Ile ya kwanza aliiangalia mara moja tu. "Kanisa limekuwa gunia la mahindi," alisema, na akaiweka chini. Nilimwona ameumia. Kuta zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili. Mtu asiyejua asingeona sana, lakini kamati ya Baray ilikuwa inatafuta mtu anayejenga ukuta ulionyooka, nayo ilikuwa na fundi mwingine mezani.

Ile ya pili, ya ishirini, ilimshangaza zaidi. Kuta hazikuvimba, lakini mnara ulikuwa unaanguka. Ulikuwa umelala nyuma, mwembamba juu, mpana chini, kama mtu anayeegemea kiti.

"Na hii pia ni mbovu," nilisema. Nilikuwa karibu kulia. Nilijiona nimepoteza ndama na kazi yake, vyote viwili.

Aligeuza picha, akaigeuza tena, akaishika mbali na uso.

"Ulikuwa umeinua kamera?"

"Kidogo. Nipate msalaba."

"Kiasi gani?"

Nilimwonyesha kwa mkono.

"Basi lenzi haina kosa," alisema. "Wewe umeweka pimamaji upande. Mimi nikiweka pimamaji upande, ukuta unakwenda upande. Kamera ingekaa sawa kama meza, mnara ungesimama."

"Ikikaa sawa kama meza msalaba haumo! Nitapata kiwanja tu na mchanga wenu mliouacha."

Alifikiri. Wagonjwa wawili waliobaki kwenye benchi walikuwa wanatusikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza maumivu yao.

"Basi tutakupandisha," alisema.

Kesho yake jioni nilipofika kanisani nilimkuta amesimamisha jukwaa la miti kwenye ukingo wa korongo, miti ile ile aliyokuwa ameitumia kujengea mnara, iliyofungwa kwa kamba za katani. Lilikuwa na urefu wa watu watatu waliosimamiana. Kwenye kamera yangu alifunga pimamaji ndogo kwa mpira wa tairi ya baiskeli, ile ya kioo chenye tone la hewa ndani. Katekista alikuja kutazama, na mlinzi, na akina mama waliokuwa wanarudi kutoka kwenye mashine ya kusaga.

"Mama Mapacha, utapanda na kitenge?" aliuliza mmoja.

"Nitapanda na nini tena?"

Nilipanda. Mume wangu alinifuata nyuma ngazi kwa ngazi, mikono yake pande zote mbili za miguu yangu, akinitajia miti ya kushika. Kule juu upepo ulikuwa unatoka korongoni moja kwa moja. Nilielekeza kamera mbele, nikaisimamisha wima, nikatazama tone la hewa hadi likatulia katikati ya mistari miwili. Kisha nikaweka jicho kwenye lenzi ya ishirini.

Lilikuwa pale lote. Mlango chini, msalaba juu, na kati yao kila jiwe. Kingo mbili za mnara zilikwenda juu sambamba kama zilivyokwenda kweli. Nilikuwa nimelipita kanisa lile mara mia na kumbe sijawahi kuliona, kwa sababu toka chini mtu huona kidevu cha jengo tu. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu, kila jiwe likawa na kivuli chake chembamba.

"Vipi?" aliuliza kutoka chini ya miguu yangu.

"Usiongee. Unanitikisa."

Nilipiga mara nne. Ndani ya kanisa tulifanya vile vile, kamera ikiwa juu ya ngazi nyuma ya mabenchi, pimamaji ikiwa imetulia. Alizitazama picha zile jioni iliyofuata, akatoa timazi mfukoni, nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alimwomba mlinzi aishike picha ukutani, akaning'iniza uzi mbele yake, akafumba jicho moja, akalinganisha mnara wa kwenye karatasi na uzi. Kisha akazungusha uzi kwenye kijiti polepole na kusema, "Hii wapelekee."

Kwa upande wake mambo yalikuwa yamekwisha. Kwangu bado. Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki, na nilibeba lenzi zote mbili kwenye sanduku la chanjo tupu.

Tulifika ukingoni saa tatu asubuhi, tukakuta ukungu. Hapakuwa na kreta, hapakuwa na kitu, ilikuwa kama mtu amemwaga maziwa. Dereva alitaka kuendelea. Nilimwomba anipe nusu saa, akazima injini, akajifunika koti usoni akalala. Nilisimama peke yangu kwenye nyasi zenye maji, viatu vimelowa. Ukungu ulianza kupasuka chini kwanza. Ziwa likatokea, jeupe, halafu msitu, halafu, kidogo kidogo, ukuta wa upande wa pili.

Nilifunga ya kumi na saba. Liliingia lote. Kwa mara ya kwanza tangu niijue kamera, bonde lile lilianza na kwisha ndani ya kioo kimoja. Nilipiga filamu karibu nzima.

Nilikuwa nimebakiza picha nne hivi niliposikia kengele. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa anakuja kwenye njia ya ukingoni na punda watatu waliobeba magunia ya unga. Nilimsalimia, "Takwenya." Akaitika, "Iko," kisha akasimama kuangalia ninachofanya. Kiswahili chake kilikuwa kichache lakini hakikuwa na aibu.

"Wewe daktari wa mifupa," alisema. Alikuwa ameniona kliniki. "Unapiga picha nini?"

"Hii kreta."

Aligeuka akaangalia bonde, akanigeukia mimi. "Hii shimo iko kila siku. Kesho iko. Piga mimi. Mimi kesho niko mbali."

Sikutaka kuharibu filamu, lakini nisingeweza kumnyima. Nilijua ya kumi na saba ingewanyoosha punda wake wawe kama twiga, kwa hiyo nikaifungua, nikafunga ya ishirini. Nilirudi nyuma ili niwapate wote.

"Kuja karibu," alisema. "Unaogopa punda?"

Nikasogea. Hatua mbili, tatu, hadi pua ya punda wa mbele ikawa karibu kugusa kitenge changu. Aliweka mkono juu ya shingo ya punda, akanyoosha shuka lake, akaacha kutabasamu kwa sababu picha ni jambo la heshima. Nilituliza tone la hewa katikati, kwa mazoea tu, nikapiga mara nne, filamu ikaisha. Aliniuliza lini ataiona picha yake. Nilimwambia kliniki ya mwezi ujao. Akasema atakuja hata kama hana mgonjwa.

Ijumaa nilisafisha. Nilichapa picha za kreta nzima kwa hamu, moja baada ya nyingine, na kila moja ilipotokea kwenye maji ya dawa hamu ilizidi kupungua. Ilikuwa yote pale, kweli. Lakini ilikuwa ndogo. Ule ukuta wa mbali, unaomfanya mtu ashike kifua akiuona, ulikuwa mstari wa penseli. Ziwa lilikuwa doa la chai. Nusu ya chini ilikuwa nyasi na nusu ya juu anga, na katikati palikuwa na utepe mwembamba ambao nilikuwa nauita Ngorongoro.

Nilimpelekea mume wangu moja.

"Hili ni bwawa la nani?" aliuliza.

Nilianza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha. Alidhani amenikosea. Nilimweleza, na yeye akataka kuniliwaza, akasema labda ukiiangalia kwa karibu. Ndipo nikachapa zile nne za mwisho, kwa ajili ya kutimiza ahadi tu.

Sijui niiteje. Yule mama alikuwa amesimama mbele, mkubwa, kila shanga yake unaihesabu, na pua ya punda ikiwa na ukungu wake. Nyuma ya bega lake ardhi ilikuwa imekatika. Ilishuka ghafla, chini kabisa, na kule chini mbali kulikuwa na lile ziwa dogo, na kwa sababu shanga zilikuwa kubwa hivyo na ziwa dogo hivyo, ulijua pale katikati kuna hewa kiasi gani. Upande wa kulia kreta ilikuwa imekatwa na ukingo wa picha. Haikuingia yote. Haikuhitaji.

Mume wangu alirudi nyuma hatua moja. "Hapa mtu anaweza kuanguka," alisema.

Ile bahasha ya vipande nilianza kuitazama upya. Kosa langu la miaka yote lilikuwa kusimama mbali na kila kitu, nikidhani bonde kubwa linataka heshima ya umbali. Sijasoma mahali popote jambo hilo. Nilifundishwa na mtu aliyenidhania naogopa punda.

Jumamosi tulirudisha ya kumi na saba. Mwenye duka hakuuliza kwa nini. Aliomba kuona picha, nikamtandikia zote kwenye meza ya kioo, kanisa na gunia la mahindi na bwawa na mama wa punda. Hiyo ya mwisho aliishika muda mrefu, akaita mke wake kutoka nyuma aje aione. Mke wake aliitazama, kisha akanitazama mimi, akanikumbuka, akanipa pakiti ya biskuti ambayo miaka ile haikuwa kitu kidogo.

Mwezi uliofuata yule mama alikuja kliniki kama alivyosema, hana mgonjwa, amevaa shanga zote. Aliichukua picha kwa mikono miwili. Aliangalia punda kwanza, akawatambua wote watatu, akasema yule wa nyuma amekufa. Kisha akaifunga ndani ya shuka na kuondoka, kwa sababu alikuwa na njia ndefu.

Jibu la Baray lilikuja kabla ya mvua. Walimchukua mume wangu. Alikaa huko chini sehemu kubwa ya miaka miwili, na mimi nilimfuata kila mwisho wa mwezi na malori yaliyokuwa yanakwenda kuchukua vitunguu. Kulikuwa na joto la kunyonya mwili, na mbu, na yeye alikuwa mwembamba na mwenye furaha kuliko nilivyowahi kumwona, analala kwenye stoo ya saruji na kuamka kabla ya jogoo. Tulikula kambare na ugali tukiwa tumekaa juu ya msingi wake, miguu ikining'inia ndani ya kile kitakachokuwa madhabahu. Nilipiga picha za kila hatua, toka mtaro hadi paa, nikiwa na lenzi ile na pimamaji yake ya mpira wa baiskeli.

Siku kuta zilipofika usawa wa paa, mwenyekiti wa kamati alitaka picha ya watu wote wa kamati na kwaya wakiwa ndani ya kanisa lisilo na paa. Nilipanda ngazi. Niliwabananisha walivyoweza kubanana, lakini mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu mrefu na mkavu kama mpini, hakutaka kukaa katikati. Alisema kiongozi anasimama mwisho wa mstari ili awaone watu wake. Nilijaribu kumwambia kwamba lenzi hii humtanua mtu aliye pembeni kabisa, hata kama inanyoosha kuta. Hakunielewa, na jua lilikuwa linakwenda, nikapiga.

Nilipochapa nikaona nilichoogopa. Watu wa katikati walikuwa wazima. Mwenyekiti alikuwa ametanuka mabega, shavu na tumbo, mtu mwenye kilo thelathini asizokuwa nazo. Nilimwambia mume wangu kwamba kazi yake imekwisha. Tulimpelekea picha pamoja, tukiwa tumeandaa maneno ya kuomba radhi, yeye sentensi moja na mimi nyingine.

Mwenyekiti aliitazama. Alimwita mkewe. Alimwita jirani. Ilikuwa miaka ya foleni, na hakuna mtu aliyekuwa amenenepa kwa muda mrefu.

"Mama Mapacha," alisema, huku akijipapasa tumbo ambalo halikuwepo, "hii niitolee nyingine tatu."

Nilimtolea tano.